Pezi si usukani, wala si breki

Jumamosi moja, pepo za kusi zikiwa zimeshika, nilikaa chini ya mivinje ya ufuo wa Bamburi nikasikiliza ubishi usiokuwa na mwisho. Mtoto wa kaka yangu alikuwa ametoka majini na ubao wa kukodi wa kupanda mawimbi kwapani, uso ameukunja. "Ami, ubao huu mbovu. Haugeuki."

Mwenzake akaupindua ubao, akaligonga pezi la katikati kwa kidole. Dawa ni kuling'oa, alisema, maana hilo ndilo breki. Wa tatu akapinga: mapezi ni machache, yangekuwa manne kama yale aliyoyaona kwenye simu wakati wa Olimpiki, ubao ungeruka. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu kando yao hakuinua hata kichwa. "Usukani wenu huo mdogo. Chombo kikubwa, usukani mdogo, kitageukaje?"

Kila mmoja wao alikuwa ameushika ukweli kwa mkia, na ukweli ukishikwa kwa mkia huponyoka. Ubishi wa namna hii umezidi tangu mchezo wa kupanda mawimbi uingizwe kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, na zaidi baada ya zile picha za mawimbi ya Teahupo'o, kule Tahiti, wakati wa michezo ya Paris 2024. Vijana wanaona mbao zikikata kona kama wembe, wanasikia watangazaji wakitaja mapezi matatu, mapezi manne, kisha wanakuja ufuoni kwetu na bisibisi mkononi. Kabla bisibisi haijafanya kazi, tuelewane kwanza.

Majina ya viungo

Ubao una pua mbele na mkia nyuma. Mgongo ni pale unaposimama, tumbo ni upande unaolala majini. Pembezoni kuna kingo mbili, ya kulia na ya kushoto. Mstari wa katikati toka puani hadi mkiani, ambao katika mbao nyingi huwa na ukanda mwembamba wa mti ndani yake, nitauita uti. Pezi ni kile kibao kilichosimama chini ya tumbo karibu na mkia, mfano wa pezi la papa. Lina kitako kinachoshikana na ubao, na ncha inayoning'inia majini.

Pezi laweza kuwa moja juu ya uti, au mawili, moja kila upande, au matatu, yaani mawili pembeni na moja nyuma katikati, au manne. Mtindo wa matatu ndio ulioenea zaidi duniani, na mbao nyingi laini za kukodisha zina mapezi matatu ya plastiki yaliyofungwa kwa skrubu.

Tunaposema "mahali pa pezi" tunasema mambo manne kwa mpigo: liko umbali gani kutoka mkiani, liko umbali gani kutoka ukingoni, pua yake inatazama wapi, na limesimama wima au limelalia nje. La kwanza ndilo lenye uzito, nalo ndilo nitakalolikalia. Hayo mengine nitayapitia kwa mwendo wa mtu anayewahi feri ya Likoni.

Kiganja majini

Ukipata nafasi ya kupanda mtumbwi kwenye mkono wa bahari wa Tudor, tia kiganja majini ubavuni mwa chombo. Kishike kama kisu, kikate maji sambamba na mwendo: maji yanapita bila kukusumbua. Sasa kipinde kidogo tu, kama unavyouzungusha ufunguo kufuli ikiwa inaanza kukubali. Papo hapo mkono mzima unasukumwa upande. Hukukaza msuli wowote, ni maji yenyewe yaliyokusukuma. Endelea kukipinda mpaka kiganja kiyakabili maji bapa. Ile nguvu ya upande imepotea, na kilichobaki ni kukurudisha nyuma na kukurushia maji usoni.

Hali hizo tatu ndizo maisha yote ya pezi. Ubao ukienda moja kwa moja, pezi ni kisu na halina neno. Mkia ukianza kuteleza kwenda upande, pezi linakutana na maji kwa pembe ndogo, maji yanalisukuma, na mkia unashikiliwa mahali pake. Pembe ikizidi, pezi linaachia kwa ghafla. Hapo ndipo unapojikuta umekaa kwenye povu ukiuliza ubao umekwenda wapi.

Kwa hiyo mzee wangu mvuvi, ambaye amezaliwa baharini na ananizidi elimu ya maji kwa mbali, alikosea kwa neno moja tu. Usukani una bawaba na nahodha anaupinda. Pezi limefungwa, halipindwi na mtu. Kitu kinachofanana nalo kwenye jahazi si usukani, ni mkuku: ule ubao mrefu wa chini unaozuia chombo kisiburutwe upande upepo unapolipiga tanga kwa ubavu. Usukani wa ubao wa mawimbi ni wewe, kwa magoti yako, mabega yako na uzito wa mguu wako wa nyuma. Pezi linakupa pa kukanyagia. Mkwezi hapandishwi mnazi na vidato, lakini bila vidato mguu wake hauna pa kushika.

Na yule wa breki? Naye alikuwa na chembe ya ukweli. Kila pezi huongeza msuguano, hilo halina ubishi. Lakini mkia unaoteleza upande hupoteza kasi nyingi zaidi kuliko ile inayoliwa na pezi. Isitoshe, mpanda mawimbi hutengeneza kasi kwa kuusukuma ubao kulia na kushoto, juu na chini kwenye mteremko wa wimbi. Samaki anapunga mkia pembeni lakini anakwenda mbele, kwa kuwa mkia unayasukuma maji kwa pembe. Ling'oe pezi, upunge utakavyo, utabaki kupunga.

Pezi la kwanza lilitoka kwenye boti

Watu wa Hawaii walipanda mawimbi kwa karne nyingi bila pezi lolote. Walitumia mbao bapa za mti, na ili kugeuka walilalia ukingo au walitia mguu majini. Mkia ulikuwa ukiponyoka ovyo. Mwaka 1935, Mmarekani Tom Blake alichukua mkuku wa boti ya mwendo kasi, akaufunga chini ya ubao wake huko Waikiki. Naipenda habari hiyo kwa sababu inamuunga mkono mvuvi wetu nusu: mzazi wa pezi kweli ni kiungo cha chombo, ila ni mkuku.

Miaka ya 1960, George Greenough wa California alianza kutengeneza mapezi membamba yanayonyumbuka, yenye mgongo uliopinda kuelekea nyuma, akichukua mfano kwa viumbe wa mbio wa baharini. Mtu yeyote aliyewahi kumpasua jodari sokoni atakubali kwamba huyo hakukosea mwalimu.

Mkokoteni wa Kongowea

Sasa tufike penyewe. Nenda soko la Kongowea uangalie mikokoteni. Ekseli ikiwa karibu na katikati, mwenye kuuvuta anaugeuza pale pale aliposimama, hata kichochoroni baina ya magunia ya vitunguu. Isogeze ekseli hadi nyuma kabisa, na mkokoteni uleule utashika njia vizuri kwenye barabara iliyonyooka, lakini kona utaililia uwanja.

Pezi ni ekseli hiyo. Ukilisogeza mbele, kuelekea pua, ubao unageuka upesi na kwa nguvu kidogo. Gharama yake ni kwamba mkia unakuwa mwepesi, na kwenye wimbi kali unaweza kuponyoka wakati ambao hukuutaka. Ukilirudisha nyuma, kuelekea ncha ya mkia, ubao unanyooka na kutulia hata kasi ikiwa kubwa. Gharama yake ni kona pana na mguu uliochoka.

Kwa nini nyuma kunatuliza? Waulize waliowahi kuchonga mishale. Manyoya hufungwa nyuma kabisa. Yafunge katikati ya uti wa mshale na utakwenda ukiyumba, maana nyoya likiwa mbali na uzito ndipo linapopata nguvu ya kuirudisha nyuma ya mshale kwenye njia. Pezi lililo mbali na uzito wa mpanda hufanya kazi hiyohiyo.

Watu huguna nikiwaambia kwamba sentimita moja inahisiwa. Ubao wa futi 9 una zaidi ya sentimita 270, sasa sentimita moja ni nini? Ni kitu, kwa sababu pezi halijipimi na urefu wa ubao. Linajipima na mguu wako wa nyuma. Baina ya mguu huo na pezi mara nyingi hakuna hata shibiri, na kwenye kipande kifupi namna hiyo sentimita moja ni sehemu kubwa. Sukuma mlango karibu na bawaba, kisha sogeza mkono kidogo tu kuelekea kitasa, usukume tena. Mlango haukubadilika, wala nguvu zako hazikubadilika.

Liweke kichwani hilo la mguu wa nyuma, tutalirudia.

Mbao ndefu za pezi moja zimetengenezewa jambo hili kabisa: kwenye tumbo kuna mfereji mrefu, na pezi linateleza humo mbele na nyuma kabla ya kukazwa kwa skrubu. Anayependa kutembea hadi puani akasimama hapo hulirudisha pezi nyuma ili mkia ubanwe na maji. Anayetaka kugeukageuka hulivuta mbele. Asiyejua anachotaka aliweke katikati ya mfereji, kisha alihamishe kidogo kidogo.

Tuktuk na trela

Mapezi yakiwa matatu, habari inapata sura ya pili, kwa kuwa sasa kuna umbali wa mapezi kati yao wenyewe. Kwenye ubao mfupi wa kawaida, yale mawili ya pembeni hukaa karibu sentimita 28 kutoka ncha ya mkia, na lile la nyuma karibu sentimita 9. Mafundi hupima kwa inchi, na wao watakwambia 11 na 3 na nusu.

Mtindo huu una baba anayejulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mbao za mapezi mawili zilitawala, na Mwaustralia Mark Richards alichukua ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akizitumia sana. Mapezi mawili huupa ubao wepesi wa ajabu, kwa sababu katikati nyuma hakuna kinachoushika. Lakini Mwaustralia mwenziwe, Simon Anderson, alikuwa mtu mrefu mwenye mwili, na mbao hizo zilimponyoka kila alipoweka uzito kwenye wimbi kubwa. Mwaka 1980 akatengeneza ubao wenye mapezi matatu ya ukubwa mmoja, mawili mbele pembeni na la tatu nyuma juu ya uti. Mwaka 1981 akashinda nao mashindano ya Bells Beach, kwao Australia, na mwaka huohuo akashinda na kule Pipeline, Hawaii. Muda si mrefu kila fundi alikuwa akimuiga.

Angalia vizuri alichofanya. Hakuongeza pezi ili apate kasi. Aliweka kitu mahali palipokuwa patupu, na mahali hapo ndipo mkia wake ulipokuwa ukimtorokea.

Umbali baina ya mapezi ya mbele na la nyuma ni kama umbali baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya gari. Trela la kontena linalotoka Kilindini halipindi kona ya Makupa kwa papara: ni refu, limetulia, linataka nafasi. Tuktuk inageuka ndani ya Mji wa Kale penye upana wa watu wawili na kikapu. Mapezi yakitawanywa mbali, ubao unachora kona ndefu zilizotulia. Yakikusanywa karibu, unageuka kama tuktuk, na kama tuktuk unaweza kukutia wasiwasi kwenye mteremko.

Mapezi manne hayana maajabu zaidi ya hayo. Lile la katikati huondolewa, na nyuma huwekwa mawili madogo pembeni. Ubao unapata kushika upande wa ukingo uliozama na unakimbia vizuri ukiambaa na wimbi. Hayo mawili ya nyuma yakisogezwa kuelekea uti, tabia yake inaanza kufanana na ya mapezi matatu. Yakisogezwa ukingoni, ubao unapenda mbio kuliko kona.

Kutazamana na kulalia

Hapa ndipo wengi hudhani ubao wao umetengenezwa vibaya. Ukiulaza chali na kuyaangalia mapezi ya pembeni, utaona hayako sambamba na uti. Pua zake zimeelekezwa ndani kidogo, kuelekea pua ya ubao, kama mtu mwenye miguu inayotazamana. Si kasoro. Kwenye wimbi, maji hayapiti chini ya ubao yamenyooka toka puani hadi mkiani. Yanapita mshazari, maana wimbi linapanda na ubao unakata ubavuni mwake. Pezi lililoelekezwa ndani huanza kusukumwa mara tu unapolalia ukingo, bila kuchelewa. Likielekezwa mno, unaburuta maji hata unapokwenda moja kwa moja, kama mtu anayetembea na ndara zinazogongana.

Pia utaona ncha zake zimetanuka nje, kama miguu ya kigoda. Kwa kawaida ni nyuzi chache tu, tano au sita. Ubao ukilalia upande mmoja, pezi la upande uliozama ndilo linalobaki wima zaidi, na limeingia ndani zaidi. Kulalia zaidi kunaleta wepesi wa kona, na kusimama wima kunaleta mwendo wa moja kwa moja.

Yanayobaki ni umbali kutoka ukingoni. Kwa mapezi ya mbele ni kama sentimita 3. Karibu zaidi na ukingo, pezi linaingia kazini mapema ubao unapolaliwa. Basi.

Kwenye mbao za kukodi mambo haya matatu yamekwisha kuamuliwa kiwandani na huwezi kuyabadilisha kwa bisibisi. Lakini unaweza kuyaharibu, na mimi niliyaharibu. Ubao wangu wa kwanza niliuziwa na mgeni aliyekuwa akirejea kwao, mapezi yakiwa kwenye soksi. Nikayafunga kwa haraka, la kushoto nikalitia kulia, la kulia kushoto. Mapezi ya pembeni huwa na uso mmoja bapa na mwingine uliovimba, kama ubawa wa ndege, na uso bapa hutakiwa utazame uti. Yangu yalitazama nje. Wiki mbili nilipambana na ubao uliokuwa ukienda kama unaburuta nanga, huku nikimlaani mgeni wa watu. Mtoto wa miaka kumi ndiye aliyeniuliza mbona mapezi yangu yamevaa viatu kinyume.

Kwenye maji yetu

Mafundisho mengi ya mapezi yameandikwa na watu wa California na Australia, na maji yao si yetu. Ufuo wa Nyali, Bamburi na Shanzu umekingwa na mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na pwani. Wimbi kubwa hupasukia huko nje, na linalofika ndani mara nyingi ni dogo na limechoka. Kwenye wimbi dogo lisilo na haraka, pezi lililorudishwa nyuma kabisa halina kazi ya kufanya. Hakuna kasi ya kutuliza, kilichobaki ni ugumu wa kugeuka. Kwa ndani ya mwamba, mimi ningelisogeza mbele. Kwa anayetoka nje mwambani nyakati za kusi, ningelirudisha nyuma, na ningemuuliza mara mbili kama anajua njia ya kurudi.

Jambo la pili ni mwani. Kusi ikishika, maji huuleta kwa wingi hadi unafunika mchanga. Pezi lililosimama wima hulikamata jani na kulishikilia, kisha lingine, na baada ya dakika tano unavuta shamba. Pezi lililopinda kuelekea nyuma huliacha jani liteleze. Nimeona watu wakitupa lawama kwa mahali pa pezi, kumbe pezi limevaa kilemba. Kabla hujafungua skrubu, pitisha mkono tumboni mwa ubao.

La tatu ni kina. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Mahali ulipoogelea asubuhi, mchana unatembea kwa miguu juu ya mwamba. Mapezi huvunjika hapo, likiwemo lile la katikati. Ubao uliopoteza pezi la katikati hauwi na mapezi mawili ya Mark Richards, tafadhali. Mbao za mapezi mawili huwekewa mapezi makubwa zaidi, mahali pake maalumu. Huo wako ni ubao wa matatu uliovunjika, na utakwenda mrama.

Wenzetu wa kaiti wa Nyali na Diani, wale wanaovutwa juu ya maji na tiara, wana habari yao. Ubao wao wa kwenda pande zote mbili hauna mkia wala pua, ndiyo maana una vipezi vifupi kila pembe. Usiuchukue kuwa kipimo.

Uvumi mwingine

Eti mapezi mengi ni kasi nyingi. Kasi huletwa na mteremko wa wimbi na jinsi unavyousukuma ubao. Mapezi huizuia isipotee pembeni, na zaidi ya hapo ni mzigo.

Eti pezi kubwa ni la mabingwa. Ukubwa hufuata uzito wa mpanda na ukali wa wimbi, kama kiatu kinavyofuata mguu. Kijana wa kilo 50 akifunga mapezi ya mtu wa kilo 90 atadhani ubao umepigiliwa misumari.

Eti bila pezi haiwezekani. Inawezekana. Wahawaii walifanya hivyo, na sisi tulipokuwa watoto tulivipanda vibanzi vya mbao na madumu ya plastiki hadi mchangani. Tulichokuwa hatuwezi ni kuchagua tuishie wapi.

Ukitaka kujua ukweli kuhusu ubao wako mwenyewe, chukua penseli, weka alama pezi lilipo sasa. Lisogeze kidogo, jambo moja tu kwa wakati, kisha lipande wimbi lilelile na maji yakiwa katika kiwango kilekile. Hilo la mwisho ndilo watu wanalisahau. Ukijaribu maji yakijaa, ukahamisha pezi, ukarudi baada ya saa mbili maji yakiwa yanatoka, hukujaribu pezi. Umejaribu bahari mbili.

Nirudi Bamburi. Niliuomba ule ubao mbovu, nikaupindua. Mapezi yote matatu yalikuwepo, nyuso bapa zikitazama ndani, skrubu zimekazwa. Nikaupindua tena, nikaangalia mgongo. Mchanga ulioganda ulionyesha wazi mahali kijana aliposimama: mguu wa mbele karibu na pua, na mguu wa nyuma katikati kabisa ya ubao, zaidi ya shibiri mbili mbele ya mapezi ya pembeni. Alikuwa akiusukuma mlango kwenye bawaba.

Nikamchorea mstari kwa kipande cha mkaa, mbele kidogo ya yalipo mapezi ya pembeni, nikamwambia mguu wa nyuma ukikaa hapa unapogeuka, tutaongea. Mvuvi akaacha wavu akaja kuangalia mstari. "Kumbe nahodha alikaa omo, mbele kabisa ya chombo," akasema, akarudi zake kushona.

Kijana aliingia majini, akaanguka mara tatu, wimbi la nne akalipata. Alipotoka alikuwa amenuna vilevile. "Ami, ubao huu sasa unageuka mno."